Saa ya Mjomba

Krismasi ya mwaka juzi, jikoni kwetu Dodoma, nilimwambia mama jambo ambalo halikuwa kweli. Nilimwambia kuwa kaka yake, mjomba wangu mpigapicha, siku ile alimaliza kazi saa kumi jioni. Sikubahatisha. Nilikuwa na faili la picha ya mwisho ya harusi aliyokuwa akiipiga, na kompyuta ilionyesha wazi: 4:05 PM. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakusema kitu. Aliutikisa ungo kidogo, akaendelea kutoa mawe.

"Siku ile" kwetu haihitaji tarehe. Ni Jumamosi moja ya Septemba 2013. Bibi, mama yao, alikuwa mgonjwa huko Mpwapwa. Mchana simu zikapigwa kwamba hali imebadilika, kila mtu aende. Mama alifika kabla ya magharibi. Mjomba hakufika. Bibi alifariki alfajiri ya Jumapili, na mjomba akaingia uani saa nne asubuhi, begi la kamera begani, watu wakiwa wameshafunga turubai. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu: "Nilikuwa kazini. Nilimaliza usiku." Hakuna aliyebishana naye, na nadhani hakuna aliyemwamini. Lile begi lilimponza. Mtu anakujaje kumzika mama yake na begi la kazi?

Mjomba naye ametangulia. Kompyuta mpakato yake na memori kadi tano zikaja kwangu, kwa sababu ukoo mzima unajua kuwa mimi ndiye "ninayesomea picha". Niko shahada ya uzamili hapa Dodoma, na tasnifu yangu inahusu picha zilizopigwa kwenye michoro ya miambani ya Kondoa. Makala haya yalikusudiwa kuwa uhakiki wa picha za mjomba. Yamekuwa pia uhakiki wa namna nilivyozisoma mara ya kwanza, kwa sababu nilizisoma vibaya, na usomaji ule mbaya ulimfikia mama.

Kila picha ya kidijitali hubeba maelezo ambayo jicho halioni. Kanuni ya kuyaandika inaitwa Exif na ilitolewa Japani mwaka 1995. Kamera inapofunga shata huandika ndani ya faili jina la modeli yake, tundu la lenzi lilikuwa wazi kiasi gani, shata ilikaa wazi kwa muda gani, ISO ilikuwa ngapi, flashi iliwaka au haikuwaka, lenzi ilivutwa hadi milimita ngapi, na tarehe na saa. Ukibofya faili na kufungua sifa zake utaona sehemu ya maelezo hayo. Ukitaka yote, ipo programu ya bure ya ExifTool, ambayo Phil Harvey wa Kanada alianza kuitoa mwaka 2003 na ambayo watafiti na wapelelezi wanaitumia hadi leo. Picha zilizotufikia kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hazina maelezo haya. Huwa yameondolewa njiani. Ndiyo maana memori kadi za mjomba zilikuwa na thamani kwangu. Humo mlikuwa na picha kama zilivyotoka kwenye kamera yake, Canon EOS 1100D yenye lenzi ya 18–55 iliyokuja nayo dukani.

Wengi wetu tukifungua maelezo hayo tunasoma mstari mmoja tu, ule wa tarehe na saa. Tunaukimbilia kwa sababu unasomeka bila kufundishwa. Huko kwingine kuna f hii na sehemu ya sekunde ile, mambo ya fundi. Kumbe mstari wa saa ndio dhaifu kuliko yote. Kasi ya shata kamera inaijua kwa sababu ndiyo iliyoifungua na kuifunga. Saa iliambiwa na mtu, siku moja, labda siku iliyotoka kwenye boksi, na tangu hapo inahesabu tu kuanzia kile ilichoambiwa. Hata kanuni yenyewe ya Exif haikuwa na nafasi ya kuandika saa hiyo ni ya ukanda gani wa dunia mpaka toleo la mwaka 2016.

Mimi nilijifunza hayo Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, na nilijifunza kwa kukosea. Michoro ile iko kwenye mapango na kingo za miamba zaidi ya 150, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huko akinakili michoro kwa mkono, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1983. Ukitazama nakala zake unajua kuwa unatazama pia uamuzi wa mtu: mstari huu aliuona, ule aliuacha. Picha ya kamera haikukumbushi hivyo. Inakaa mbele yako kana kwamba mwamba umejipiga wenyewe.

Katika rasimu ya sura yangu ya kwanza nililinganisha mafungu mawili ya picha za mchoro mmoja, lililotangulia na la miaka michache baadaye. Fungu la pili wekundu wake ulikuwa umepooza. Nikaandika kwa kujiamini kuwa mchoro unafifia. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja: mizani ya rangi ilikuwaje? Nilikuwa sijaangalia. Nilipoangalia, fungu la kwanza mpigapicha aliweka mizani mwenyewe, la pili aliiachia kamera. Na kamera ikiachiwa, ikikuta ukuta mwekundu umejaa fremu nzima, hudhani wekundu huo ni kasoro ya mwanga na kuupunguza. Huenda mchoro unafifia kweli, lakini picha zile hazikuwa ushahidi wake. Nilikuwa nimepima tabia ya kamera mbili nikadhani nimepima umri wa mwamba. Wanaotumia DStretch, programu ya Jon Harman inayotanua tofauti za rangi ili mistari iliyofifia ionekane, angalau hawamdanganyi mtu. Picha zao hutoka na zambarau na njano ambazo hakuna anayedhani ziko Kolo.

"Usimsikilize shahidi mmoja," aliniambia msimamizi. "Waite wote, uone kama wanaafikiana."

Usiku ule ule nilifungua tena folda ya harusi. Safari hii sikuanza na saa.

Picha ile ya mwisho, ya 4:05 PM, inaonyesha maharusi na ndugu wamesimama nje ya ukumbi. Maelezo yake: milimita 18, f/4, sekunde 1/60, ISO 1600, flashi imewaka. Wapigapicha wa zamani walikuwa na kanuni ya kichwani kwa siku ya jua kali: weka tundu f/16, kisha shata iwe sehemu moja ya ISO. Kwa ISO 100 ni kama 1/100. Fanya hesabu. Kutoka f/16 hadi f/4, tundu limepitisha mwanga mara 16 zaidi. ISO imepanda mara 16. Shata nayo imekaa wazi zaidi kidogo ya mara moja na nusu. Ukizidisha, kamera ilikuwa imejiandaa kupokea mwanga kidogo mara 400 kuliko wa jua kali, ikaongezewa na flashi, na bado anga nyuma ya maharusi ni jeusi. Dodoma, Septemba, saa kumi jioni? Saa kumi ya Septemba hapa mtu bado anatafuta kivuli cha mwarobaini.

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi bila kuliona anga. Niliisoma saa, nikaridhika.

Nikarudi mwanzo wa folda. Picha ya kwanza kabisa ni bibi harusi kwao, amesimama uani na kanga mabegani, kabla hajavaa shela. Saa: 2:14 AM. Usiku wa manane. Lakini f/8, 1/250, ISO 100, flashi haikuwaka, na kivuli chake kimelala mchangani zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Mwanga ule ni wa jua, ila si la utosini. Ni jua lililopanda kidogo tu kutoka kwenye vilima. Nilitamka saa ile kwa sauti, kwa Kiswahili, kama ambavyo mjomba angeitamka: saa mbili na dakika kumi na nne. Asubuhi.

Hapo ndipo nilipomwona, kijana ana kamera mpya mkononi, kamera inamuuliza saa ngapi, naye anaijibu kama anavyomjibu mtu yeyote. Ni saa mbili. Anaandika 02. Kamera ikakubali. Kuanzia siku ile ilikuwa nyuma ya saa ya serikali kwa saa sita kamili, na mjomba hakuwa na sababu ya kuirekebisha, kwa sababu kila alipoitazama ilimwambia kweli. Picha ya mwisho aliipiga 4:05, saa nne na dakika tano. Usiku. "Nilimaliza usiku," alisema.

Kosa lilikuwa langu. Namba ile ilikuwa tayari Kiswahili, mimi nikaitafsiri mara ya pili. Tumezoea kufanya hivyo kila siku bila kufikiri: tikiti imeandikwa 06:00, tunasema saa kumi na mbili, darasa ni 14:00, tunasema saa nane. Mtu aliyesoma akiona 4:05 PM kichwa chake kinaenda chenyewe kwenye saa kumi. Mjomba hakuwa na safari hiyo kichwani.

Saa iliyo nyuma kwa saa sita ina jambo moja zaidi, na hili lilinichukua siku mbili kulielewa. Siku ya kamera ile haianzi usiku wa manane. Inaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunapoanza kuhesabu sisi wenyewe. Kwa hiyo kila picha iliyopigwa kati ya usiku wa manane na macheo imebeba tarehe ya jana. Kompyuta ilikuwa imezipanga hivyo, na mimi nilikuwa nimezifuata.

Baada ya picha ya maharusi kuna faili moja tu la tarehe ile. Nilikuwa nimeliruka kwa sababu ni picha iliyoharibika: imepinda, imetikisika, karibu yote ni giza. Jumamosi, 11:48 PM. Milimita 18, f/3.5, sekunde 1/8, ISO 1600, flashi haikuwaka. Nilidhani ni kidole kilichoteleza mwishoni mwa sherehe. Ongeza saa sita. Ni Jumapili, dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Katika fremu kuna taa ya stendi, kioo cha mbele cha basi, na nyuma ya kioo kibao kinachosomeka nusu: MPWAP.

Naomba nisivutike zaidi ya pale namba zinapofika. Hazisemi kwa nini hakuiacha harusi mchana simu ilipopigwa. Labda alikuwa ameshapokea fedha za watu na ameshazitumia, labda alidhani bibi atapona kama alivyopona mara nyingine, labda aliogopa. Hilo ni swali la familia na mwenye jibu hayupo. Namba pia zinaweza kubadilishwa na yeyote mwenye programu na dakika tano. Lakini sioni mtu angebadilisha nini hapa, wala kwa faida ya nani, na anga jeusi na kivuli kirefu havibadiliki kwa kubofya. Kinachoondoka ni shutuma moja tu, ile niliyoiongeza mimi: kwamba tangu saa kumi jioni alikuwa na nafasi na akaamua kutokwenda. Hakuwa nayo. Alimaliza saa nne usiku, hakuna gari la Mpwapwa saa hiyo, na kabla hakujapambazuka alikuwa stendi.

Baada ya hapo nilizisoma picha zake upya, kama kazi. Zamani, katika insha moja ya darasani, niliwahi kuandika kuwa wapigapicha wetu wa mitaani "wameisalimisha sanaa kwa mashine". Ushahidi wangu ulikuwa mstari mmoja mwingine wa maelezo, ule wa namna ya upigaji, ambao kwa mjomba siku zote unasema programu: kamera ichague tundu na shata yenyewe. Nilipata alama nzuri kwa insha ile.

Mstari wa chini yake sikuusoma. Unaitwa fidia ya mwanga. Mita ya kamera haijui kilicho mbele yake. Imefundishwa kuwa dunia kwa wastani ni ya kijivu. Mpe shela jeupe limejaa fremu, itadhani mwanga ni mwingi mno, itaifanya picha nzima kuwa nyeusi kidogo, na uso wa bibi harusi wa Kigogo utazama. Hili si jipya. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zikalipia. Katika harusi ile mjomba hakuiacha fidia kwenye sifuri. Bibi harusi akiwa peke yake ndani ya shela lake, ni +2/3. Akisimama mbele ya anga, ni +1. Wakija wazee wenye makoti meusi, inarudi sifuri, kisha bibi harusi akirudi kwenye fremu, +2/3 tena. Huu ni mkono uliokuwa unazungusha gurudumu siku nzima. Aliiachia kamera yale inayoyaweza, akabaki na lile moja isilolijua, yaani rangi ya watu waliokuwa mbele yake. Ukizitazama nyuso zile utaona kila moja ina macho, ina mashavu, ina jasho kwenye paji. Hakuna aliyegeuka kivuli.

Kuna picha ya mama wa bibi harusi analia. Milimita 55, lenzi imevutwa mpaka mwisho, na uso bado ni mdogo katika fremu. Ina maana alisimama mbali. Wazee aliwapiga kwa milimita 24, nyuso zimejaa. Aliwasogelea mpaka karibu wagusane. Kwa yule mama hakusogea. Ukiunganisha milimita na ukubwa wa uso unapata umbali, na umbali ule naweza kuuita adabu bila wasiwasi mkubwa.

Nilitafuta jambo moja zaidi, na nakiri nililitafuta kwa hamu isiyo ya kitaaluma. Mama anakumbuka simu ilipigwa kwenye saa saba mchana. Katika kamera ya mjomba hiyo ni baada ya 7:00 AM. Nilitaka kuona kama mkono ulitetereka: fidia iliyosahauliwa, mtikisiko, pengo la dakika nyingi bila picha. Hakuna. Saa saba na dakika arobaini bibi harusi anakata keki na fidia ni +2/3. Msomaji mmoja anaweza kusema huyu alikuwa na moyo mgumu. Mwingine atasema alikuwa fundi. Namba zinaonyesha kuwa kazi ya watu haikuharibika. Hazionyeshi yeye ilimgharimu nini, na mimi sina tagi nyingine ya kuita.

ExifTool inaweza kusogeza saa za picha zote mbele kwa saa sita kwa amri moja. Niliiandika amri hiyo, nikaifuta. Badala yake niliweka faili dogo la maandishi ndani ya folda, nikieleza saa za hapa zisomwe vipi. Saa ya kamera ile haikuharibika. Atakayekuja baadaye aisome kama ilivyo, na ajue lugha yake.

Pasaka nilirudi jikoni kwa mama na kompyuta. Nilimweleza taratibu, tangu kivuli cha bibi harusi mpaka stendi. Nilimwomba radhi kwa yale ya Krismasi. Aliitazama ile picha iliyotikisika muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hapo ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasorobo, mama, na dakika tatu."

Alinyamaza. "Jogoo walikuwa wameshawika," akasema, na nikajua hazungumzii stendi. Kisha: "Nirushie hiyo, mwanangu."

Nilimtumia kwa WhatsApp, simu yake ikalia mezani. Ndipo nikakumbuka. Nikaituma tena, safari hii kama faili, ili iende na saa yake.